Mfupa Mmoja, Njia Kadhaa: Mitokondria, Kromosomu Y au Jenomu Nzima?

Mpwa wangu alifika kwangu Bombo Jumamosi moja, pendekezo lake la utafiti limekunjwa ndani ya daftari. Anasomea akiolojia Kampala, na msimamizi wake alikuwa amemrudishia karatasi na maneno machache ya kalamu nyekundu: "DNA ipi? Chagua, kisha utetee." Yeye alikuwa ameandika tu kwamba atatafuta asili ya watu wa kale wa magharibi mwa Uganda kwa kupima DNA ya mifupa, akadhani yamekwisha. Kwa kuwa mimi nafundisha baiolojia sekondari, mzigo ukahamia kwa mjomba.

Tulikaa barazani tangu alasiri hadi mbu walipotufukuza. Haya ndiyo tuliyoyalinganisha. Nayaandika kwa mwanafunzi mwingine aliyekwama papo hapo, na kwa msomaji anayekutana na habari kwamba DNA imefichua asili ya watu fulani, asiambiwe ni DNA ipi.

Ndugu wa tumbo moja

Seli ya mtu imeweka DNA, yaani maandishi ya urithi yenye herufi nne za A, C, G na T, mahali pawili. Sehemu kubwa imo ndani ya kiini: seti mbili, moja ya baba na moja ya mama, kila seti ikiwa na herufi zipatazo bilioni 3. Seti hiyo nzima ndiyo jenomu. Nje ya kiini zimo mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ambavyo wanafunzi wangu huvichora kama maharage. Humo mna DNA nyingine, kiduara cha herufi 16,569 chenye jeni 37. Hiki mtoto hukirithi kwa mama. Mbegu ya baba nayo ina mitokondria zake, ila huharibiwa baada ya utungisho.

Kiswahili kilikuwa na maneno ya jambo hili kabla ya darubini: kukeni na kuumeni, ndugu wa tumbo moja. Mitokondria hufuata tumbo. Mama wa mpwa wangu ni dada yangu, tumetoka tumbo moja, kwa hiyo mimi na mpwa tuna kiduara kile kile cha mama yangu. Watoto wangu hawana. Wao wamebeba cha mama yao, mtu wa Arua.

"Kwa hiyo mjomba, kwa hesabu hii mimi ni wako kuliko watoto wako?"

Kwa hesabu hiyo moja, ndiyo. Na mimi ndiye mwisho wa njia. Nilipokea, siwezi kumpokeza mtu. Nikamwambia alishike hilo, tutalirudia.

Sababu ya kuanza na mitokondria

Seti za kiini ni mbili tu kwa seli, lakini viduara vya mitokondria ni mamia, mara nyingi maelfu. Mtu akifa, DNA yake huanza kukatikakatika. Baada ya karne nyingi, vipande vingi havifiki hata herufi 100, na ncha zake zimechakaa: herufi C hugeuka kikemia hata mashine ikaisoma kuwa T. Sasa fikiria barua mbili ndani ya nyumba, moja ina nakala mbili, nyingine nakala elfu. Nyumba ikiungua, ni ipi utakayoweza kuokota mabaki yake majivuni ukayaunga hadi yasomeke?

Ndiyo maana fani hii ilianzia huko. Mwaka 1984 ngozi ya kwagga, mnyama wa Afrika Kusini wa jamii ya punda milia aliyekwisha kutoweka, ilitolewa kipande cha mitokondria kikasomwa. Mwaka 1997 kundi la mwanasayansi Svante Pääbo likasoma kipande cha mitokondria ya Neanderthal, wale binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, kutoka mfupa uliochimbuliwa Ujerumani mwaka 1856. Pääbo alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2022, na kazi iliyompa jina ilianzia kwenye kiduara hiki.

Kwetu hoja hii ina uzito zaidi, kwa sababu joto na unyevu ndio maadui wakubwa wa DNA, na bonde la Kagera si Siberia. Mfupa wa nchi za joto ukisagwa, si ajabu DNA ya binadamu ikawa chini ya asilimia 1 ya yote yanayosomwa. Iliyobaki ni ya bakteria wa udongo. Mpwa alitoa simu tukapiga hesabu: kusoma kiduara kizima mara 30, ili uwe na uhakika wa kila herufi, ni herufi nusu milioni hivi. Kusoma jenomu mara moja tu, bila uhakika huo, ni bilioni 3. Mwanafunzi asiye na mfadhili ataona mwenyewe ipi inamfaa.

Hata hivyo, asikudanganye mtu kwamba Afrika haitoi kitu. Mwaka 2015 ilichapishwa jenomu nzima ya kwanza ya Mwafrika wa kale, mtu aliyezikwa miaka 4,500 hivi iliyopita katika pango la Mota, nyanda za juu za Ethiopia. Huko ni baridi, utasema. Basi tazama Shum Laka, Kamerun, nchi ya mvua: mwaka 2020 zilichapishwa DNA za watoto wanne waliozikwa humo, wawili miaka 8,000 hivi iliyopita na wawili miaka 3,000. Mwaka huo huo DNA ya mtu wa Munsa, hapa hapa Uganda, kwenye kile kilima chenye mahandaki ya kale kule Kakumiro ambacho wazee hukihusisha na Bachwezi, watawala wa masimulizi ya kale, ilichapishwa pamoja na za watu wa kale wa Kenya, Kongo na Botswana.

Kilichofungua mlango ni mfupa mdogo sana. Weka kidole nyuma ya sikio lako. Ndani kidogo ya hapo, umezunguka sikio la ndani, kuna mfupa mgumu kuliko karibu yote mwilini. Kuanzia miaka ya 2014 na 2015 watafiti waliona kwamba huo huhifadhi DNA nyingi zaidi kuliko mbavu au mapaja. Mpwa alikuwa ameandika "kipande cha paja" katika pendekezo lake. Tukakifuta.

Mitokondria inaposema kweli nusu

Hapa ndipo niliporudi kwenye suala la mjomba.

Una wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, kizazi cha tatu wanane. Ukifika kizazi cha kumi nyuma, nafasi za wazee wako ni 1,024. Mitokondria yako ilitoka kwa mmoja wao. Wale 1,023, ambao pengine ndio waliokuachia urefu, rangi na kipaji cha kuimba, kiduara kile hakiwajui. Babu yako mzaa mama, uliyelelewa nyumbani kwake, hayumo.

Kwa mtu mmoja huo ni upungufu. Kwa historia ya watu wengi unaweza kuwa upotovu. Mfano uliomgusa mpwa ni wa pango la Denisova, Siberia. Mwaka 2010, mwezi wa Machi, mitokondria ya kifupa cha kidole ilitangazwa kuwa ya tawi la ajabu: ilitofautiana na zetu kwa wastani wa nafasi 385, wakati ya Neanderthal hutofautiana kwa 202 hivi. Ukisoma hivyo unasema, huyu alijitenga zamani mno, kabla sisi na Neanderthal hatujaachana. Desemba ya mwaka ule ule ikatoka jenomu ya kiini ya kidole hicho hicho: mwenyewe alikuwa ndugu wa karibu wa Neanderthal. Kiduara kilisema habari zake chenyewe, na habari za kiduara si lazima ziwe habari za watu.

Neanderthal nao vilevile. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kukutwa na mitokondria yao, na kwa miaka mingi wengi walichukulia hilo kuwa ushahidi kwamba hawakuzaa na sisi. Jenomu ya kiini ilipochapishwa mwaka 2010, watu wa nje ya Afrika wakaonekana wamebeba asilimia 1 hadi 4 kutoka kwao. Walizaana, ila tumbo lile halikuendelea mwana kwa mwana.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa kwetu wasema Kiswahili. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa watu 80 hivi waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao wa miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, kama Manda, Mtwapa na Songo Mnara. Ungeuliza mitokondria peke yake, ingekujibu: hawa ni Waafrika, karibu wote. Ungeuliza kromosomu Y peke yake, ile ya baba kwa mwana, wengi wangekuonyesha njia ya Asia, hasa Uajemi. Wapimaji wawili, mmoja na kipimo hiki na mwingine na kile, wangegombana mpaka kesho na kila mmoja ana karatasi ya maabara mkononi. Ni jenomu nzima iliyoweka vyote mezani: mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000, akina mama kwa sehemu kubwa wa Afrika, akina baba wengi wa Uajemi, na kwa baadhi ya watu fungu la Asia likizidi nusu.

Lakini tazama vizuri. Bila mitokondria, jenomu nzima ingesema tu kwamba kuna Afrika na kuna Asia. Kilichoonyesha kwa urahisi kwamba Afrika ilipita kwa mama na Asia kwa baba ni kuweka kukeni na kuumeni ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo anayesema mitokondria imepitwa na wakati naye amekosea. Ni shahidi wa jambo moja, na jambo hilo halisemwi vizuri na mwingine.

Kromosomu Y, kwa ufupi

Hii haina mengi. Ni kioo cha mitokondria upande wa kuumeni, na inafaa sana katika nchi ambako ukoo hufuata baba, kama ilivyo kwa Waganda, Wanyoro na wengine wengi. Lakini mwanamke hana. Mfupa wako ukiwa wa mwanamke, hadithi imeisha. Tena ipo nakala moja tu kwa seli, kwa hiyo ugumu wa kuipata ni ule ule wa DNA ya kiini bila upana wake. Sijaona sababu ya mwanafunzi kuifanya njia yake kuu. Ukisoma jenomu ya mwanamume utaipata humo humo.

Na damu ya walio hai?

Msimamizi hakuuliza hili, lakini nilimlazimisha mpwa alifikirie, kwa kuwa ni rahisi kuliko yote. Watu hai wako tele na DNA yao haijachakaa. Utafiti maarufu wa mwaka 1987 wa Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson, uliosema kwamba mitokondria za watu wote wa leo zinarudi kwa mwanamke mmoja wa Afrika, miaka 200,000 hivi iliyopita, haukugusa mfupa. Ulitumia sampuli 147, karibu zote kutoka kondo la nyuma la akina mama waliojifungua. Hapa Uganda, mwaka 2019 zilichapishwa takwimu za vinasaba vya watu 6,400 wa eneo la Kyamulibwa, karibu 2,000 kati yao jenomu nzima. Hazina hiyo nchi nyingi za Afrika hazina.

Shida ni kwamba aliye hai anakuambia alipo leo. Watu wa Kyamulibwa wana wazee waliotoka Rwanda, Burundi, Ankole na kwingineko, wengine ndani ya miaka mia iliyopita. Ukitaka kujua nani alikaa kilima fulani miaka 600 nyuma, damu ya leo inakisia na mfupa unashuhudia. Chukua damu ya walio hai kama kitu cha kulinganishia mfupa wako. Usiitumie mahali pa mfupa.

Mke huja kutoka kilima kingine

Hili nililiwaza usiku, baada ya mpwa kulala, na asubuhi nikamwamsha nalo kabla ya chai.

Katika Buganda mtu haoi ndani ya muziro wake, yaani alama ya ukoo wake, wala huko kwa mama yake. Mke anatoka ukoo mwingine, anahamia kwa mume. Desturi kama hiyo ipo katika jamii nyingi za huku. Basi kama mambo yalikuwa hivyo zamani, mitokondria za kijiji kimoja zimetoka kila upande, kwa miguu ya maharusi, ilhali wanaume wa kijiji wamebaki na kromosomu Y inayofanana. Ukichimbua mwanamume kaburini na kusoma mitokondria yake, umesoma ya mama yake, ambaye huenda alikulia mwendo wa siku tatu kutoka hapo. Umejifunza kitu cha maana kuhusu ndoa. Kuhusu wenyeji wa kilima umejifunza kidogo.

"Kumbe Kabaka ndiye anayefuata mitokondria," mpwa akasema, bado na usingizi. Kweli, kwa desturi Kabaka, mfalme wa Buganda, hufuata muziro wa mama yake, wakati raia wake wote hufuata wa baba. Nimefundisha urithi kwa miaka mingi na sijawahi kuuona mfano huo, nao uko mlangoni.

Jambo jingine la hapo hapo: majina ya matawi. Mitokondria za Afrika hupangwa L0 hadi L6, na kutoka L3 ndiko yalikozaliwa matawi ya M na N ambayo wamebeba karibu watu wote wasio na asili ya Afrika. Ni ramani nzuri kwa maelfu ya miaka. Kwa karne tano au sita ni butu. Tawi kama L2a lipo Senegali, lipo kwa Wabantu wa mashariki, lipo kusini. Ukilipata katika mfupa wa Kakumiro usikimbilie kumtaja Mnyoro wala Mchwezi. Hakuna mitokondria ya Kinyoro.

Mikono yetu

Nitakiri langu. Miaka ya nyuma nilipeleka darasa kwenye ghala moja la mabaki ya kale, jina lake nitaliacha. Mhudumu alitoa kipande cha fuvu kilichopakwa vanishi kinang'aa kama meza ya sebuleni, namba imeandikwa kwa wino juu yake. Akanikabidhi mkono mtupu. Nami nikakipokea mkono mtupu, nikakipitisha kwa wanafunzi wangu wote, wakakigeuza, wakakinusa, mmoja akapiga chafya. Nilijisikia mwalimu hodari siku ile. Leo nikikumbuka nahesabu mitokondria ngapi tulikiachia.

Hapa mitokondria ina faida ambayo vitabu vingi huipitia haraka. Mtu kwa kawaida ana aina moja tu ya kiduara. Ukisoma mfupa mmoja ukakuta aina mbili, unajua kuna mgeni ndani, na unaweza kukadiria amejaza kiasi gani. Kwa DNA ya kiini, mwanamume hupimwa kwa kromosomu X, kwa kuwa anayo moja tu, lakini inahitaji data nyingi zaidi. Zile C zilizogeuka T kwenye ncha husaidia pia: kipande kisicho na uchakavu huo mshuku kuwa cha jana. Mwaka 1994 kuna waliotangaza mitokondria ya mifupa ya miaka milioni 80. Ilikuja kuonekana ni DNA ya binadamu.

Ningechagua nini

Ukiwa na mfupa mmoja na fedha kidogo, anza na mitokondria, kwa sharti moja la kiufundi ambalo wanafunzi hawaambiwi. Unga unaotobolewa kutoka kwenye mfupa hugeuzwa kuwa kile wanamaabara wanachokiita maktaba: vipande vyote vya DNA vilivyomo, vya kiini na vya mitokondria, vimefungwa ncha maalumu ili viweze kunakiliwa na kuhifadhiwa. Kutoka maktaba hiyo hiyo unavua mitokondria leo kwa chambo chake. Mwakani, ukipata mfadhili, unavua nafasi milioni 1.2 za jenomu ambazo watafiti wengi huzitumia. Mfupa umetobolewa mara moja. Kwa hiyo mashindano kati ya mitokondria na jenomu, ambayo kalamu nyekundu ya msimamizi iliyafanya kama ndoa, kwa kweli ni suala la foleni.

Sharti la pili ni la lugha. Ukiwa na mitokondria tu, ripoti yako iseme mstari wa kike. Swali lako likiwa nani alichanganyika na nani, lini, kwa kiasi gani, usianze kabisa kama huna njia ya kufika kwenye jenomu. Utatoboa mfupa wa watu bure. Swali likiwa akina mama walitoka wapi, au kama watu wawili wa kaburi moja wanaweza kuwa wa tumbo moja, mitokondria inatosha kuanzia. Hata hapo, kufanana ni uwezekano tu, kwa kuwa watu wengi wasiojuana wana kiduara kimoja. Kutofautiana ndiko jibu thabiti: hawakuzaliwa na mama mmoja.

Kabla ya yote hayo kuna vibali. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, idara ya makumbusho, na wazee wa mahali mfupa ulipotoka, ambao hawamo kwenye fomu yoyote lakini ndio watakaokuuliza mlimpeleka wapi mtu wao. Mifupa ya Afrika mara nyingi imesomewa Ujerumani au Marekani. Uwe na jibu.

Mpwa aliondoka Jumapili saa tisa, akawahi teksi ya Wandegeya. Kabla ya kupanda aliegemeza daftari kwenye ukuta wa duka, akaandika kichwa upya. Kile cha zamani kilikuwa "Asili ya Watu wa Kale wa Magharibi mwa Uganda." Alikata "Watu", akaandika "Mtu Mmoja", akasimama kidogo, kisha akaongeza "kwa Upande wa Mama". Kondakta akampigia kelele apande.